Viwango vya mazingira: Nani anapunja vipimo?

Kuna swali moja ambalo huulizwa sana katika mikutano ya wakubwa kule Geneva na Brussels, lakini sisi tunaolipa gharama ya majibu yake ni nadra kulizungumza. Swali lenyewe ni hili: nchi mbili zinafanya biashara. Moja ina sheria kali za kulinda mito, misitu na hewa yake. Nyingine sheria zake ni legevu, au ni kali kwenye karatasi tu. Je, biashara baina ya nchi hizo inaweza kuitwa ya haki? Na kama si ya haki, nani anamdhulumu nani?

Ukimuuliza mwenye kiwanda cha chuma Ulaya, atakujibu kuwa anayedhulumiwa ni yeye. Sheria inamtaka alipie moshi wa kiwanda chake na asafishe majitaka kabla ya kuyaachia mtoni, kisha anakwenda sokoni kushindana na mwenzake wa ng'ambo asiyetakiwa kufanya lolote katika hayo. Bidhaa ya yule mwenzake ni rahisi, si kwa sababu ana ujuzi zaidi, bali kwa sababu gharama ya uchafu amewaachia majirani zake waibebe katika mapafu yao.

Ukimuuliza waziri wa biashara wa nchi masikini, naye atakujibu kuwa inayodhulumiwa ni nchi yake. Atasema: nyinyi mlichoma makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka mia mbili, mkafyeka misitu yenu, mkatajirika. Leo mnatuwekea masharti ambayo nyinyi wenyewe hamkuyatimiza mlipokuwa katika hali kama yetu.

Ndugu msomaji, wote wawili wana hoja, na ndiyo maana mjadala huu hauishi. Lakini mimi naona wote wawili wanaliweka swali mahali pasipo pake. Wanabishana juu ya ukali wa kipimo, wakati jambo la kuangaliwa kwanza ni kama mwenye kipimo anatumia kipimo hicho hicho anaponunua na anapouza.

Tuanze na lililo wazi. Tofauti ya viwango peke yake si dhuluma. Nchi hazifanani kwa hali ya hewa, kwa maradhi, kwa utajiri wala kwa mahitaji. Mfano mzuri ni dawa ya DDT. Marekani iliipiga marufuku katika kilimo mwaka 1972, na hapana shaka ilikuwa na sababu za maana, kwani dawa ile hukaa muda mrefu ardhini na huingia katika miili ya ndege, samaki na watu. Lakini Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao ulikusudia kuziondoa sumu za namna hiyo duniani, uliacha mlango wazi kwa nchi zinazopambana na malaria kuitumia DDT dhidi ya mbu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likaunga mkono kupulizia dawa hiyo ndani ya nyumba. Mwenye kuishi Stockholm hana malaria. Mwenye kuishi Muheza anayo. Kumlazimisha wa Muheza afuate kipimo cha wa Stockholm katika jambo hili ingekuwa ni kumwacha mwanawe afe ili vitabu vya sheria vifanane.

Hata mataifa yenyewe yalikubali jambo hili. Katika mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992, kanuni ya 11 ya tamko lao ilitambua kwamba viwango vinavyofaa katika baadhi ya nchi huenda visifae kwa nyingine, hasa nchi zinazoendelea, na huenda vikawabebesha watu wake gharama isiyo na uhalali. Kanuni ya 7 ikatambua kuwa wajibu wa kuilinda dunia ni wa wote, lakini haulingani, kwa kuwa waliochafua zaidi ni wengine.

Basi je, tuishie hapo? Tuseme kila nchi na viwango vyake, na biashara iendelee? La hasha. Hoja hiyo ikiachwa itembee bila breki hufika mahali pabaya sana, na ilishafika.

Desemba 1991, ndani ya Benki ya Dunia ulizunguka waraka uliotiwa saini na mchumi mkuu wa benki hiyo wakati huo, Lawrence Summers. Waraka ulitoa hoja kwamba hasara ya uchafuzi hupimwa kwa kipato kinachopotea watu wanapougua na kufa. Kwa hiyo, uchafu upelekwe kule ambako mishahara ni midogo kuliko kote, kwani huko hasara itakuwa ndogo. Ukasema pia kuwa nchi za Afrika zenye watu wachache zina uchafuzi mdogo mno kuliko inavyostahiki. Waraka ulipovuja mwaka 1992 na watu wakaghadhibika, ilielezwa kuwa maneno yale yalikuwa ya kejeli. Inawezekana. Lakini ukiifuata hesabu yake hatua kwa hatua huoni ilipokosewa, kama utakubali jambo moja tu: kwamba uhai wa mtu una thamani sawa na mshahara wake.

Na wapo waliofanya bila kejeli. Julai 2006 meli iitwayo Probo Koala ilifika Amsterdam ikiwa na taka za mafuta zenye kemikali. Kampuni iliyotaka kuzisafisha ilipogundua kuwa taka zile ni mbaya kuliko ilivyoelezwa, ikapandisha bei. Wenye mzigo wakaona ni ghali, taka zikarudishwa melini na meli ikaondoka. Agosti mwaka huo huo taka hizo zikamwagwa usiku katika sehemu mbalimbali za jiji la Abidjan, Ivory Coast. Watu walikufa, na makumi ya maelfu walimiminika hospitalini wakilalamika kuumwa kichwa, kutapika na kutokwa damu puani. Tofauti ya viwango baina ya Amsterdam na Abidjan ndiyo iliyokuwa faida ya biashara ile.

Watetezi wa biashara huria hutuambia kuwa hakuna dhuluma pale pande mbili zinaporidhiana. Ni kweli, ridhaa ni nguzo ya biashara. Lakini ridhaa ya nani? Abidjan ilikuwapo kampuni iliyopokea malipo ikazichukua taka. Mama aliyeamka alfajiri akakuta harufu imejaa chumbani mwa watoto wake hakuulizwa, wala hakupata senti katika mauzo yale. Aliyeuza si aliyeumia, na aliyeumia hakuwa na kauli. Mauzo ya namna hiyo, hata yakiwa na mihuri kumi, hayana ridhaa ndani yake.

Sasa tuje kwenye jambo lililo karibu zaidi na sahani zetu, nalo ni viuatilifu, yaani sumu za shambani.

Ipo sumu ya kuulia magugu iitwayo parakwati. Ni sumu kali kiasi kwamba funda dogo linaweza kuua, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 1989. Katika Umoja wa Ulaya iliondolewa mwaka 2007 baada ya uamuzi wa mahakama. Lakini kupiga marufuku matumizi hakukuwa kupiga marufuku utengenezaji. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya uamuzi ule, kiwanda kilichopo Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza na kuisafirisha kwenda kwa wakulima wa nchi nyingine. Wala si sumu hiyo peke yake. Mwaka 2020 shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na waandishi wa Unearthed wa Uingereza, walichapisha nyaraka zilizoonyesha kuwa katika mwaka 2018 pekee nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwamo wakati huo, ziliidhinisha kusafirishwa nje zaidi ya tani 81,000 za viuatilifu vyenye kemikali ambazo wakulima wao wenyewe hawaruhusiwi kuzitumia.

Tazama sasa upande wa pili wa mlango. Mazao yetu yanapofika bandarini Ulaya hupimwa mabaki ya sumu. Kwa kemikali isiyoruhusiwa huko, kiwango cha mwisho kwa kawaida ni miligramu 0.01 kwa kila kilo moja ya zao, yaani karibu na sifuri. Kuanzia mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage mabichi na njegere kutoka Kenya, ikawa mzigo mmoja katika kila kumi unachukuliwa sampuli, na wakulima wengi wadogo wakajikuta nje ya soko hilo.

Nifahamike vizuri. Sisemi kuwa Wazungu wamekosea kupima chakula chao. Ni haki yao, na mimi ningependa chakula changu nacho kipimwe hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba anayekataa sumu isiingie mezani kwake kupitia zao, kisha akaiuza sumu hiyo hiyo iingie shambani kwa mwenziwe, hawezi kujiita mlinzi wa mazingira. Huyo analinda ua wake tu.

Sisi Waislamu tunaijua Suratul Mutaffifin, na tunajua inawalaumu watu wa namna gani. Hailaumu wenye kipimo kikubwa wala wenye kipimo kidogo. Inawalaumu wenye vipimo viwili: wanapopokea kwa watu wanataka kikamilike, na wanapowapimia watu wanapunja. Sijui mfano wa zama zetu unaoafiki zaidi ya huu wa sumu inayouzwa nje na kukataliwa inaporudi.

Wanaouza hujitetea kuwa nchi inayonunua imepewa taarifa na serikali yake imekubali, kama taratibu za Mkataba wa Rotterdam zinavyotaka. Hapa tunarudi kwenye swali la ridhaa. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja anayepulizia nyanya kama anasoma maelezo yaliyobandikwa kwenye dawa. Akanionyesha chupa ya soda. Alikuwa amenunua kwa kupimiwa humo, na chupa haikuwa na maandishi yoyote zaidi ya jina la soda. Hana glovu, hana barakoa, na kichwani amefunga fulana ya zamani. Barua iliyotumwa wizarani kutoka Ulaya haikumfikia kijana huyu.

Kwamba jambo hili linarekebishika, Ufaransa imeonyesha. Sheria yake ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kutengeneza na kusafirisha nje viuatilifu vilivyokatazwa Ulaya, na ikaanza kutumika mwaka 2022. Ina matundu yake, lakini msingi wake ndio tunaoutafuta: nisichokitaka kwangu sikuuzii wewe.

Je, nchi yenye nguvu ina haki ya kukataa bidhaa ya mwingine kwa sababu ya namna ilivyozalishwa? Nadhani inayo, ila kwa masharti. Na masharti hayo hatuna haja ya kuyatunga upya, kwani kesi ya kamba na kasa ilishayaonyesha.

Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1989 iliyowataka wavuvi wa kamba waweke katika nyavu zao kifaa cha kumwezesha kasa kutoka asife. Ni jambo jema, na watu wa Mafia na Lamu ambako kasa hupanda ufukweni kutaga wanaelewa thamani yake. Lakini sheria ilipopanuliwa mwaka 1996 kwa nchi zote, India, Malaysia, Pakistani na Thailand zilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani. Uamuzi wa rufaa ulitolewa Oktoba 1998. Majaji walisema lengo la kumlinda kasa ni halali, ila namna sheria ilivyotekelezwa ni ya ubaguzi. Kwa nini? Kwa sababu nchi za Karibiani zilipewa miaka mitatu ya kujiandaa pamoja na msaada wa kitaalamu, na nchi za Asia zikapewa kama miezi minne. Marekani ikalazimika kurekebisha utaratibu wake na kukaa mezani na wenzake, na mwaka 2001 utaratibu mpya ukakubaliwa kuwa halali.

Tunajifunza hapo mambo matatu: sheria iwe moja kwa wote, anayetakiwa kubadilika apewe muda wa kweli, na mwenye uwezo amsaidie asiye na uwezo kulifikia sharti analomwekea. Bahati mbaya, jopo la rufaa lililotoa hukumu ile limekosa majaji tangu Desemba 2019 kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa wapya. Mnyonge amebaki na haki bila ya kadhi.

Pima kwa mambo hayo matatu sheria mpya za leo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia kahawa, kakao, mbao na mazao mengine yaliyotoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Lengo ni jema. Lakini sheria inataka kila shamba lijulikane lilipo kwa vipimo vya setilaiti. Kwa mwenye shamba kubwa Brazil hilo ni kazi ya siku moja ya mtaalamu wake. Kwa mkulima wa Karagwe au Masaka mwenye vishamba viwili vya migomba na kahawa, ni gharama ambayo hakuiomba, kwa kosa ambalo hakulifanya. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili baada ya malalamiko mengi, yakiwemo ya wafanyabiashara wa Ulaya kwenyewe. Basi sharti la muda limepatikana. La msaada bado ni dogo mno kulingana na mzigo.

Au chukua ushuru wa kaboni mpakani, ulioanza rasmi Ulaya Januari 2026 kwa bidhaa kama chuma, saruji, aluminiamu na mbolea. Afrika yote haifiki asilimia 5 ya hewa ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka. Ushuru huo ukikusanywa, unaingia katika mifuko ya Ulaya. Kama kweli shabaha ni kuiponya hewa ya wote, kwa nini fedha zinazotoka kwa masikini zisirudi kwa masikini zimsaidie kujenga kiwanda safi? Hapo ndipo nia ya mtu hujulikana.

Hadi hapa, ndugu msomaji, huenda umekuwa ukitikisa kichwa kwa kukubali, kwa kuwa nimewasema wengine. Lakini haki ya mizani haina mgeni wala mwenyeji, na sasa ni zamu yetu.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kugundulika kuwa baadhi ya watu wanavua kwa sumu. Viwanda vya minofu vikasimama na watu wakakosa kazi. Serikali zetu zikahangaika usiku na mchana. Ukaguzi ukaimarishwa, mialo ikatengenezwa, maabara ya kupima samaki ikaanzishwa Nyegezi, Mwanza. Soko likafunguliwa tena. Hayo yalikuwa mafanikio, na yanathibitisha kuwa tunaweza tukitaka.

Lakini jiulize: kabla ya marufuku ile, samaki wa sumu walikuwa wanaliwa na nani? Si na sisi? Mbona hatukuona mikutano ya dharura kwa ajili ya matumbo yetu? Na baada ya mafanikio yale, mnofu uliopimwa ulipanda ndege, na kando ya ziwa masikini akabakia na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya mnofu kutolewa, yaliyoanikwa juani na kukaangwa bila ya mtu kuyapima. Maharage ya kwenda Ulaya yanakaguliwa kwa miligramu. Mchicha unaolimwa kandokando ya mto Msimbazi, unaopokea majitaka ya viwanda na vyoo vya Dar es Salaam, unafika sokoni asubuhi na kuliwa mchana, na hakuna afisa anayeusimamisha.

Sasa hivi navyo ni vipimo viwili. Tofauti ni kwamba hapa anayepunja ni ndugu yetu. Tunapokwenda Geneva kudai kuwa viwango vikali vinatuumiza, tuwe wakweli: vinamuumiza nani? Viwango legevu havimsaidii mpuliziaji wa nyanya wala mla mapanki. Vinamsaidia mwenye kiwanda asiyetaka kununua mtambo wa kusafisha majitaka, na mara nyingi mwenye kiwanda huyo haishi karibu na mto. Umasikini wa wengi unatumiwa kama kinga ya wachache. Waraka wa mwaka 1991 ulitukasirisha kwa sababu ulipima uhai wetu kwa mshahara wetu. Serikali inayompimia mnunuzi wa Rotterdam kwa maabara na kumpimia mwananchi wake kwa macho imefanya hesabu ile ile.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tuziambie nchi kubwa, bila ya kuona haya, kwamba ziweke viwango vizitakavyo kwenye milango yao, lakini kiwango hicho hicho kifuate bidhaa wanazotuletea sisi. Na watakapotutaka tubadilike, watupe muda na msaada kama Karibiani ilivyopewa. Na tuziambie serikali zetu kwamba maabara iliyojengwa kwa ajili ya mgeni ifunguliwe milango kwa ajili ya mwenyeji, na sumu iliyokatazwa kule inakotengenezwa isipewe kibali hapa kwa sababu tu imekuja kwa bei nafuu.

Wala tusisubiri wakubwa peke yao. Kamati za masoko, vyama vya ushirika na misikiti yetu yenye shule na majiko makubwa ya futari inaweza kuanza kuuliza maswali mepesi: nyanya hizi zimepuliziwa nini, na lini? Muuzaji akiulizwa na mnunuzi mmoja atacheka. Akiulizwa na mia, itabidi amuulize mkulima, na mkulima atamuuliza yule aliyempimia dawa kwenye chupa ya soda.

Wabillahi tawfiq.